Kila betri ina chaji yake

Ukinunua simu Kariakoo, au pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna uwezekano mkubwa muuzaji akakukabidhi boksi pamoja na agizo moja: usiiwashe kwanza, ichaji saa nane. Agizo hilo lilikuwa sahihi wakati wake. Simu za miaka ya 1990 nyingi zilitumia betri za nikeli, na betri ya nikeli iliyokaa muda mrefu dukani ilihitaji chaji ndefu ya polepole ili seli zake zote ziamke na kulingana. Simu ya leo ina betri ya lithiamu. Hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi, haihitaji kuamshwa, na ikijaa inakata umeme yenyewe, iwe ni baada ya saa moja au saa nane.

Saa nane hizo hazimdhuru mnunuzi. Nimeanza nazo kwa sababu zinaonyesha chanzo cha madhara mengi yanayozipata betri zetu majumbani, kwenye magari na kwenye vibanda vya kuchajia: kila betri mpya tumeipokea kwa sheria za betri iliyoitangulia. Tuliyojifunza kwenye mawe ya redio tuliyahamishia kwenye simu. Ya simu za zamani tukayapeleka kwenye betri za sola. Sasa ya betri ya gari tunayapeleka kwenye lithiamu. Mara nyingi uhamisho huo hula fedha tu. Mara nyingine unaunguza nyumba.

Chukua mawe ya redio. Aliyekulia kijijini anakumbuka betri zikianikwa juu ya bati au kusogezwa karibu na jiko ili jioni redio ipate nguvu ya taarifa ya habari na mpira. Zilipata nguvu kweli. Joto huharakisha kemikali iliyobaki ndani ya jiwe la zinki na kaboni, likatoa kidogo kilichosalia kwa haraka zaidi. Halikuongezewa umeme wowote, na mara nyingi halikuumiza mtu, kwa hiyo desturi ikadumu vizazi na vizazi. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichotengeneza mawe hayo kwa miaka mingi, kilifungwa mwaka 2014, na tochi nyingi zinazouzwa leo zina betri ya kuchaji ndani yake. Ila mkono uliozoea kuanika bado unaanika. Tochi ya lithiamu inaachwa juani kutwa, simu inaachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo, mahali ambapo joto la mchana huweza kupita nyuzi 60. Watengenezaji wengi wa lithiamu wanataka ichajiwe kati ya nyuzi 0 na 45. Baadhi ya taa za sola zina paneli inayoweza kutenganishwa na taa kwa waya: paneli ndiyo ya kukaa juani, taa yenyewe ikae kivulini.

Na jiwe la kawaida lisiingizwe kwenye chaja, hata likitoshea. La kuchaji la nikeli limeandikwa volti 1.2 na kiasi cha miliampea-saa ubavuni. La kutupa limeandikwa 1.5, na ukililazimisha umeme linavuja au linapasuka. Kwa yale ya kuchaji hesabu ni nyepesi. Jiwe la miliampea-saa 2000 kwenye chaja ya polepole ya miliampea 200 linahitaji saa 14 hadi 16, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto. Chaja hizo za bei nafuu nyingi hazijui kujizima. Ni wewe wa kuangalia saa.

Betri za nikeli ndizo zilizotuachia pia imani ya kumaliza chaji hadi sifuri kabla ya kuchaji tena. Betri ya nikeli na kadimiamu, aliyoibuni Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899, ilikuwa na tabia hii: ukiizoesha kutumika nusu tu na kujazwa, baadaye volti yake hushuka mapema, ikaonekana imekwisha kumbe bado. Tiba ilikuwa kuimaliza yote. Kwa betri hiyo, sawa kabisa. Kwa lithiamu, kuimaliza kila siku kunaipunguzia umri. Kwa betri ya risasi na asidi, kuimaliza ni kuiua, na hapa nitakaa kwa muda, maana ndiyo betri inayobeba taa, televisheni na biashara ndogo za mamilioni ya watu kwetu, na ndiyo tunayoitendea vibaya kuliko zote.

Betri ya risasi ni ya kale. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859 na msingi wake haujabadilika: mabamba ya risasi ndani ya maji yenye asidi ya salfuriki, seli sita zilizofuatana kufanya volti 12. Inapotoa umeme, mabamba yote yanajipaka salfeti ya risasi. Unapoichaji, salfeti inarudi kwenye asidi. Lakini ikiachwa tupu siku kadhaa, salfeti hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Kila siku ya kulala na njaa inakula sehemu ya betri isiyorudi. Ndiyo maana betri ya sola iliyogharimu laki kadhaa inaweza kufa ndani ya mwaka mmoja nyumbani kwa mtu anayeitumia kwa upole, lakini anaiacha tupu kila anaposafiri.

Kipimo chake kinapatikana kwa mita ya bei nafuu. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma kama 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu, na hapo inafaa kuizima na kuichaji. Ikifika 11.9 iko karibu na sakafu. Neno la kushika hapo ni kupumzika. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi itasoma 13 na zaidi hata kama haijajaa, kwa sababu umeme umekusanyika juu juu ya mabamba na haujaingia ndani. Hapa ndipo wateja wa vibanda vya kuchajia wanapoumia. Mwenye kibanda ana foleni, anaipa betri ampea nyingi kwa saa mbili, anapima mbele ya mteja, mita inaonyesha namba nzuri, mteja anaifunga kwenye kapu la baiskeli na kuondoka. Usiku hata mpira haujafika mapumziko, imezima.

Betri ya risasi haifai kuharakishwa namna hiyo. Kwa betri ya ampea-saa 100, anza na ampea 10 hivi. Iache ipande mpaka volti 14.4, kisha chaja ishikilie hapo huku ampea zikipungua zenyewe, saa baada ya saa, kama anayejaza mtungi wa shingo nyembamba anavyopunguza kasi maji yanapokaribia mdomo. Sehemu hii ya mwisho ni ndefu na watu wengi huikatiza. Betri inayokatizwa kila siku ikiwa asilimia 80 inabaki na salfeti kwenye mabamba kila siku. Ikijaa, chaja nzuri hushuka hadi 13.6 hivi na kuitunza. Chaja ya bei ya chini inaendelea kuisukuma.

Ikisukumwa kupita kiasi, maji ndani yake yanagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo ndizo mapovu yanayosikika betri ikichemka. Povu kidogo mwishoni mwa chaji ni kawaida kwa betri yenye vifuniko vya kujazia maji. Kuchemka kwa nguvu, betri kuwa ya moto mkononi, au harufu ya yai viza ni amri ya kuzima chaja mara moja na kufungua madirisha. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inailipua, na mlipuko wa betri unarusha asidi usoni. Cheche hiyo mara nyingi huzaliwa na mtu anayebana au kubandua vibanio vya chaja huku umeme umewashwa. Utaratibu usiovunjwa ni huu: bana chanya, bana hasi, ndipo uwashe swichi, ukimaliza, zima swichi kwanza, ndipo ubandue. Wala usikague maji ya betri kwa kuwasha kiberiti, jambo ambalo bado hufanyika umeme unapokatika.

Chumba nacho kinahesabika. Namba za watengenezaji huwa ni za nyuzi joto 25. Chumba kilichoezekwa bati bila dari, Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, kinapita hapo kwa urahisi mchana mzima. Kila nyuzi inapopanda, volti ya kuchaji yapaswa kushuka kama 0.03, kwa hiyo kwenye nyuzi 35 ile 14.4 inakuwa 14.1. Kontrola nzuri ya sola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ina kihisi cha joto na hufanya hesabu hiyo yenyewe. Isiyo nacho itaikaanga betri taratibu. Mafundi wanakadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu. Kuihamishia betri upande wa nyumba wenye kivuli na hewa hakugharimu kitu, na ni faida kubwa kuliko kununua paneli ya pili.

Maji yakipungua, ongeza yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, yasiyo na chumvi. Ya bomba na ya kisima yanaacha madini kwenye mabamba. Yaongezwe baada ya kuchaji, kwa kuwa kiowevu hupanda wakati wa chaji na kitamwagika. Ila kama mabamba yameonekana juu ya maji, yafunike kidogo kwanza. Asidi haiongezwi, kwa sababu haikupungua. Kilichopungua ni maji. Fundi anayejaza asidi kwenye betri dhaifu anaipa ukali wa siku chache na kuyala mabamba. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Usitie maziwa wala kitu kingine chochote.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuruka kontrola. Kifaa hicho kidogo ukutani hukata umeme betri inapokaribia kuumia, na hukata saa mbaya, wageni wakiwa sebuleni. Basi mtu anachomoa waya wa televisheni na kuufunga moja kwa moja kwenye betri. Picha inarudi. Kontrola ilikata umeme kwa sababu ilikuwa inaokoa mali ya mwenye nyumba, na usiku mmoja kama huo unaweza kuondoa miezi ya umri wa betri.

Lithiamu inataka malezi mengine. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyoizaa. Seli nyingi za aina hii zina volti 3.7 hivi na hazipaswi kupita 4.2. Kiwango hicho ni kikali. Betri ya risasi ukiizidishia kidogo inachemka na kupunguza maji. Lithiamu ukiizidishia, ndani yake hutokea joto linalozaa joto zaidi, hadi inawaka yenyewe bila kuhitaji hewa ya nje. Kinachoizuia isifike huko ni saketi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya simu na ndani ya betri.

Ndiyo maana nina wasiwasi na ile chaja ya kubana betri peke yake nje ya simu, ambayo wengi tunaiita kobe. Betri ikiwa nje ya simu, ulinzi wa simu haupo. Kinachobaki ni saketi ya betri, na betri nyingi za kubadilisha tunazouziwa ni bandia zisizo na saketi ya maana. Anayelazimika kutumia kobe aiweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, akae chumba hichohicho, na aichomoe taa yake inapobadilika.

Kisha kuna ukuta wenyewe. Soketi zetu ni za matundu matatu, na chaja nyingi zinazoingia nchini zina miguu miwili. Kila nyumba inajua ujanja wake: kalamu au kijiti kinasukumwa kwenye tundu la juu, milango ya chini inafunguka, miguu miwili inaingia. Inaingia, lakini haishiki. Mahali inapolegea panatoa cheche na joto, plastiki inageuka rangi ya kahawia, na fyuzi ambayo ingekuwa ndani ya plagi ya miguu mitatu haipo. Adapta nzuri ya kuunganisha inapatikana kila mtaa kwa bei ndogo. Chaja yenyewe pia ichaguliwe: ndani yake kuna kizuizi kinachotenganisha volti 230 za ukutani na zile chache zinazofika kwenye simu, na chaja duni hubana nafasi hiyo ili kuokoa gharama. Ukishika simu inayochajiwa ukahisi mtetemo usio wa kawaida vidoleni, usingoje. Chomoa chaja hiyo na uiache kabisa.

Simu ichajiwe mezani. Chini ya mto na juu ya godoro joto halina pa kwenda, na godoro la sponji linawaka haraka kuliko mtu anavyoamka. Mwenye kutaka betri yake idumu aiache kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida, ajaze 100 anaposafiri. Betri ikivimba, mfuniko wa nyuma ukaanza kuinuka, ni gesi ndani. Isichajiwe tena hata mara moja, isitobolewe, isikandamizwe ili mfuniko ufunge. Na isifikiriwe kwamba haya ni ya simu za bei ya chini tu: mwaka 2016 Samsung walilazimika kuagiza simu zao za Galaxy Note 7, kama milioni 2.5, zirudishwe kwa sababu ya betri zilizowaka.

Sasa lithiamu zimetoka mfukoni. Ziko kwenye pikipiki za umeme na zinaingia kwenye sola za nyumbani, zikiwa na nguvu mara mamia ya simu. Jiji la New York lilihesabu vifo 18 mwaka 2023 kutokana na moto wa betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme zilizochajiwa ndani ya majengo ya makazi. Kigali ilikwenda njia nyingine: tangu 2019 kampuni ya Ampersand inawapa waendesha pikipiki betri za kubadilisha, dereva anaacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, na kuchaji kunabaki mikononi mwa waliofunzwa. Utaratibu wa kubadilisha betri umeenea pia Kenya, na naupendelea kwa sababu ya usalama zaidi ya ile haraka inayotangazwa. Mwenye betri ya kuchaji mwenyewe asiichaji mlangoni wala kwenye korido. Ikiwaka, hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea.

Kwa sola, lithiamu nyingi ni za fosfati ya chuma, tulivu zaidi ya zile za simu. Zinauzwa kama mbadala wa moja kwa moja wa betri ya risasi, boksi lilelile, volti 12 zilezile, na hapo sheria za betri ya zamani zinahamishwa kwa mara nyingine. Fundi anapima, anasoma 12.7, anasema imejaa. Kwa risasi ni kweli. Kwa fosfati ya chuma, 12.7 ina maana imebaki chini ya robo. Chaja ya gari yenye kitufe cha kufufua betri hupandisha volti hadi 15 na zaidi ili kuvunja salfeti. Lithiamu haina salfeti, na volti hizo ni za kuiharibu. Kontrola lazima ibadilishwe mpangilio kuwa wa lithiamu, na kama haina mpangilio huo, ibadilishwe yenyewe. Kufunga risasi na lithiamu sambamba ili kuongeza uwezo kusifanywe.

Betri ndogo ikiwaka, kata umeme ukutani ikiwa panafikika, kisha mwagia maji mengi, yaendelee hata baada ya moto kutoweka, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuipoza. Blanketi haisaidii. Ikiwa ni ya pikipiki au ya sola, toa watu nje, funga mlango na piga 114 Tanzania, au 999 na 112 Kenya. Moshi wake una sumu. Usirudi kuokoa vitu.

Na ikifa, betri ya risasi iuzwe nzima, asidi ikiwa ndani. Wanunuzi wa skrepa wanapenda ipunguzwe uzito, na watu wanaimwaga asidi uani na kuchokonoa mabamba mbele ya watoto. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi katika kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza harakati zilizofanya kifungwe mwaka 2014, akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka uliofuata. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Uliza anayenunua betri yako anaipeleka wapi. Akikutaka umwage asidi kwanza, mpelekee mwingine.